Alkoholi katika dawa

Ethanoli hutiwa katika baadhi ya dawa za maji ili kuyeyusha viambato na kuzuia vijidudu. Mfano mashuhuri ni Woodward's Gripe Water, dawa ya tumbo la watoto wachanga iliyobuniwa Nottingham mwaka 1851. Zamani ilikuwa na alkoholi asilimia 3.6, iliyoondolewa Uingereza mwaka 1992. Pengine ndiyo iliyomtuliza mtoto!

Mtu mzima anayekunywa kijiko cha dawa yenye ethanoli kwa siku chache hafikii uraibu. Kwa aliyeacha uraibu wa pombe, hali ni tofauti: tone dogo laweza kumrejeshea hamu. Kwa mnunuzi wa Amani, Unguja, anayeepuka alkoholi, Mwislamu au la, neno moja la kutafuta kwenye lebo ni "ethanol". Katika dawa za kikohozi zenye kodeini, kinacholevya zaidi si ethanoli bali kodeini hiyo.