Walimu wa Kiingereza Wasio na Shahada Walioifundisha Japani

Katikati ya mwaka 1848, kijana wa miaka 24 aliagana na wenzake katika meli ya Kimarekani ya kuwinda nyangumi, akaingia kwenye mashua ndogo na kuelekea peke yake visiwa vya kaskazini mwa Japani. Ranald MacDonald, mtoto wa baba Mskoti na mama wa kabila la Wachinook, alijua fika kwamba nchi ile ilikuwa imewafungia wageni milango kwa zaidi ya miaka 200. Alikamatwa, akapelekwa Nagasaki, akawekwa kizuizini.

Huko kizuizini ndiko serikali ilikomletea wanafunzi. Walikuwa wakalimani 14 waliobobea katika Kiholanzi, kwa kuwa Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara, lakini meli za Waingereza na Wamarekani zilikuwa zikizidi kusogea. Walimsomea kwa sauti, naye akawarekebisha matamshi. Herufi L iliwatoa jasho. MacDonald aliwahi kuwa karani wa benki kabla ya kukimbilia baharini, na ualimu hakuusomea hata siku moja. Aliondoka Aprili 1849 kwa manowari ya Marekani. Mwaka 1854, mmoja wa wanafunzi wake, Moriyama Einosuke, alikuwa mkalimani katika mazungumzo na Commodore Matthew Perry wa Marekani, yaliyoifungua Japani.

Milango ilipofunguka, wageni walimiminika. Serikali ya Meiji, iliyoshika hatamu mwaka 1868, iliajiri maelfu yao: wahandisi, madaktari, wanasheria na walimu, wengine kwa mishahara minono ajabu. Wapo waliostahili. Mmarekani William Elliot Griffis, mhitimu wa Rutgers, alifika Fukui mwaka 1871 kufundisha sayansi. Lakini Griffis huyohuyo aliandika kwa kejeli kwamba wengi wa walioitwa maprofesa walikuwa wametokea kwenye kaunta za maduka ya nguo, kwenye mabweni ya mabaharia na hata machinjioni. Bandarini, Mzungu yeyote aliyejua kusoma aliweza kuitwa mwalimu.

Hata hivyo, kukosa cheti hakukuwa kukosa moyo.

Lafcadio Hearn alifika mwaka 1890 akiwa mwandishi wa habari, mwenye jicho moja linaloona na asiye na shahada yoyote. Alipata kazi katika shule ya Matsue kwa yeni 100 kwa mwezi, akamwoa Koizumi Setsu, na mwaka 1896 akachukua uraia na jina la Koizumi Yakumo. Mwaka huohuo aliingia Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kufundisha fasihi ya Kiingereza. Alizungumza taratibu, wanafunzi wakayaandika maneno yake neno kwa neno, na madaftari hayo yakazaa vitabu baada ya kifo chake.

Mwaka 1903 chuo kilimwachisha kazi, wanafunzi wakalalamika. Miongoni mwa waliochukua nafasi yake alikuwa Mjapani Natsume Soseki, aliyekuwa ametoka masomoni London kwa gharama za serikali. Hilo halikuwa jambo la bahati mbaya. Tangu mwanzo, mgeni aliajiriwa ili amwandae Mjapani, kisha ampishe. Hearn alifariki mwaka uliofuata.

Wa tatu, baada ya MacDonald na Hearn, ni Mwingereza Harold Palmer, aliyealikwa mwaka 1922 kuishauri Wizara ya Elimu. Naye hakuwa na shahada. Alijifunza kazi kwa kufundisha lugha Ubelgiji, hadi akapewa kufundisha fonetiki University College London. Mwaka 1923 alianzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza jijini Tokyo, akahimiza wanafunzi wasikilize na kusema kabla ya kusoma. Alikaa hadi 1936, na chuo kikuu kilekile cha Hearn kikamtunuku udaktari wa heshima.

Leo hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye angepita kwenye usaili. Mpango wa serikali uitwao JET, ulioanza mwaka 1987 kwa vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, unadai shahada ya kwanza ya fani yoyote. Leseni ya ualimu si sharti: mhitimu wa uhasibu au kilimo anaweza kusimama darasani kama msaidizi wa mwalimu Mjapani. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na mtu haongezewi kupita miaka mitano.

Wakosoaji huwalaumu vijana hao kwamba wanakuja kutembea. Lawama hiyo inaelekezwa pasipo pake. Mwajiri anayemwomba mwalimu karatasi moja na kumwekea kikomo cha miaka mitano ameshaamua mwenyewe kiasi cha kujitolea atakachokipata. Palmer alipewa miaka 14 na taasisi ya kuiongoza, ndiyo maana aliacha mbinu ya kufundishia.