Ali, Joe Louis na swali la fundi cherehani

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumzie ngumi. Ila nawaonya mapema, siasa itaturudia tu, maana historia ya ngumi za uzito wa juu na siasa ni chanda na pete.

Mjadala ulianzia kijiweni kwetu, jioni moja, barazani kwa fundi cherehani mmoja mzee ambaye vijana wote wa mtaa tunamheshimu. Tulikuwa tunabishana kuhusu nani bondia mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea katika uzito wa juu. Mmoja akamtaja Mike Tyson, mwingine Lennox Lewis, na dogo mmoja akaapa kwamba hajawahi kutokea kama Oleksandr Usyk. Mimi nikajifanya mwandishi wa habari, nikawaambia mjadala umefungwa: Muhammad Ali, basi.

Mzee akasimamisha cherehani. "Mwanangu, wewe ulimwona akipigana?"

Nikamjibu nimeona kanda zake, tena nyingi.

"Kanda za mapambano aliyoshinda," akasema, akaendelea kushona.

Baadaye ndipo akatuambia kwamba kwake yeye mkubwa ni Joe Louis. Jina hilo alilikuta mdomoni mwa baba yake, aliyerudi nalo kutoka vita ya Burma.

Ndugu zangu, maneno yale yalinichoma. Mimi nimesomea kazi ya kuuliza na kuhakiki, halafu nafunga mjadala kwa vipande vya video vya dakika tatu! Nikaamua kukaa chini, nikasoma, nikatazama mapambano mazima, yakiwemo yale ambayo shujaa wangu alipigwa. Nilichokipata ndicho hiki.

Kwanza, ugumu wa swali lenyewe. Unawezaje kumlinganisha mtu wa 1910 na mtu wa 2024? Rocky Marciano alipanda ulingoni akiwa na kama kilo 84. Ali alipokuwa Kinshasa alikuwa na kama kilo 98. Lennox Lewis alivuka kilo 110. Ukiwachukua kama walivyo ukawaweka ulingo mmoja, unamwonea mtu bure.

Wamarekani walijaribu kulitatua kwa kompyuta. Mwaka 1969, Ali akiwa amefungiwa kupigana na Marciano akiwa amestaafu miaka mingi, waliitwa Miami wakapigana mbele ya kamera raundi fupi fupi za maigizo. Marciano alipunguza mwili na kuvaa nywele za bandia. Takwimu zao zikaingizwa kwenye kompyuta, na Januari 1970 filamu ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema: Marciano anamwangusha Ali raundi ya 13. Marciano mwenyewe hakuiona, kwani alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, wiki chache tu baada ya kurekodi. Na huko Ulaya ilionyeshwa filamu ambayo mshindi ni Ali! Kwa hiyo hata kompyuta ilijua kuangalia nani amekata tiketi.

Tuachane na kompyuta basi, tuangalie kila mtu katika zama zake: alipigana na nani, alitawala muda gani, na alilipa nini.

Huwezi kuanza bila Jack Johnson. Tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, Australia, alimpiga Tommy Burns akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Wazungu wakamtoa Jim Jeffries kustaafu ili aje kuurudisha ubingwa. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, Johnson alimmaliza raundi ya 15, na usiku ule fujo zikazuka katika miji mingi ya Marekani, watu weusi wakauawa kwa sababu tu mwenzao ameshinda ngumi. Mwaka 1913 akahukumiwa kwa kesi iliyotokana na uhusiano wake na mwanamke wa kizungu, akakimbia nchi. Msamaha wa serikali aliupata 2018, zaidi ya miaka 70 baada ya kufa. Ila tuseme ukweli wote: akiwa bingwa, Johnson naye alikwepa mabondia weusi wakali kama Sam Langford. Mlango alioupigania yeye hakuwafungulia wenzake.

Na baada yake mlango ulifungwa kabisa. Jack Dempsey, bingwa kuanzia 1919 hadi 1926, hakuwahi kupanda ulingoni na Harry Wills, mweusi aliyestahili nafasi hiyo kwa miaka. Ndiyo maana Joe Louis ni muhimu.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa mzee wangu. Louis alitwaa ubingwa tarehe 22 Juni 1937 na aliutangaza kuuacha tarehe 1 Machi 1949. Hiyo ni miaka 11 na miezi minane! Alitetea mara 25, rekodi ambayo hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyeifikia. Kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alitetea mara saba, karibu kila mwezi. Leo bingwa akipigana mara mbili kwa mwaka tunasema amejituma.

Wabishi husema aliowapiga walikuwa dhaifu. Wengine ndiyo. Lakini kulikuwa na Max Schmeling. Mjerumani huyu alimwangusha Louis raundi ya 12 mwaka 1936, na utawala wa Hitler ukalitumia pambano lile kama ushahidi wa ubora wa rangi yao. Waliporudiana tarehe 22 Juni 1938 mjini New York, Louis alihitaji sekunde 124 tu. Marekani nzima ilimshangilia mtu ambaye katika majimbo ya kusini asingeruhusiwa kukaa meza moja na mzungu.

Vita ilipokuja, alipigana mapambano mawili mwaka 1942 na malipo yake akayatoa kwa mifuko ya misaada ya wanamaji na ya jeshi. Kisha akavaa sare mwenyewe. Shukrani yake? Baada ya vita alidaiwa kodi kubwa, deni likazaa riba, riba ikazaa deni, mpaka akalazimika kurudi ulingoni. Tarehe 26 Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, Marciano alimtupa nje ya kamba raundi ya nane.

Na Marciano je? Mapambano 49, ushindi 49, 43 kati ya hayo bila kufika pointi. Hakuna bingwa mwingine wa uzito wa juu aliyestaafu na rekodi safi kama hiyo. Namheshimu. Lakini Louis aliyempiga alikuwa amechoka, na Jersey Joe Walcott aliyempokonya ubingwa mwaka 1952 alikuwa na miaka 38, tena alikuwa anaongoza kwa pointi mpaka konde moja la raundi ya 13 likabadilisha mambo. Rekodi safi ni kitu kikubwa, lakini uliza pia imeandikwa juu ya nani.

Sasa turudi kwa Ali. Kwa kweli kuna Ali wawili. Wa kwanza ni wa 1964 hadi 1967, aliyemtoa Sonny Liston kwenye kiti pale Miami na ambaye dhidi ya Cleveland Williams, Novemba 1966, alikuwa kama kivuli kinachopiga. Tarehe 28 Aprili 1967 alikataa kuingia jeshini kwenda Vietnam. Wakamvua ubingwa, wakamnyang'anya leseni, mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano, akawa nje kwa dhamana akisubiri rufaa. Alikaa bila kupigana kuanzia umri wa miaka 25 hadi 28, miaka ambayo bondia huwa kwenye kilele. Mahakama ya Juu ilimfutia hatia tarehe 28 Juni 1971, majaji wanane kwa sifuri, lakini miaka haikurudishwa.

Ali wa pili alirudi akiwa mzito wa miguu, na huyu ndiye nilimtazama akipigwa. Nilimwona Joe Frazier akimwangusha chini raundi ya 15, Machi 1971. Nilimwona Ken Norton akimvunja taya mwaka 1973. Nilipomaliza nikajua kwa nini mzee alisema vile: mtu anayemjua Ali wa ushindi tu hamjui Ali.

Maana baada ya hayo ndipo ilikuja Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na ushindi 40 bila kupoteza. Frazier alimwangusha mara sita katika raundi mbili, Norton alimmaliza katika raundi mbili. Yaani watu wawili waliompiga Ali, Foreman aliwafanya watoto. Ali akaegemea kamba alfajiri ile ya Zaire, akajikinga, akamwacha jitu lipige mpaka lichoke, kisha raundi ya nane akalimaliza. Mwaka uliofuata kule Manila alimalizana na Frazier katika raundi 14 ambazo kuzitazama tu kunachosha. Septemba 1978 akawa wa kwanza kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu mara tatu.

Lakini kuna doa nisilolifunika. Frazier alimuunga mkono Ali alipokuwa amefungiwa, na Ali akamlipa kwa kumwita sokwe na kibaraka wa wazungu mbele ya dunia nzima. Mtu mweusi anamwita mweusi mwenzake sokwe ili tiketi ziuzwe! Frazier alibeba kidonda hicho karibu maisha yake yote.

Na kuna doa jingine, hili ni la hapa hapa kwetu. Februari 1980 Ali alitua Dar es Salaam akitokea India. Alitumwa na Rais Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Mzee wangu anaikumbuka siku ile, na hasira yake bado ni mbichi. "Alikataa kwenda kuwapigia vita yao, halafu akakubali kuja kuwapigia debe!" Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Suala la nchi kwa nchi haliletwi na mwanamasumbwi.

Ila kuna sehemu moja ya habari hiyo ambayo mimi kama mwandishi kijana siwezi kuiacha. Kwenye mkutano na waandishi wa habari aliulizwa: mwaka 1976 Afrika ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu, mbona Marekani haikutuunga mkono? Ali alikiri kwamba hakuwa ameambiwa habari hizo. Alikubali mbele ya kamera kwamba huenda anatumiwa. Aliendelea na ziara, na Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, ambazo hadi leo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo.

Nilimwambia mzee kwamba hapo mimi naona kinyume chake. Mtu aliyezoea kuitwa mkubwa kuliko wote, aliyeulizwa swali ambalo hana jibu, akasema sijui. Ni wakubwa wangapi wanaweza hilo? Mzee hakunijibu.

Mwaka huohuo wa 1980, Oktoba, Larry Holmes alimpiga Ali mpaka kona yake ikasalimu amri. Tarehe 11 Aprili 1981 Holmes alipigana na Trevor Berbick huko Las Vegas, na miongoni mwa watazamaji alikuwapo Joe Louis, mgonjwa, kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki kesho yake. Desemba ya mwaka huo Berbick akampiga Ali katika pambano lake la mwisho, na mwaka 1986 Berbick huyohuyo akapigwa na kijana wa miaka 20 aitwaye Mike Tyson. Ndivyo ubingwa unavyorithishana, na ndivyo unavyowala wenyewe. Mwaka 1984 Ali alijulikana kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Alifariki tarehe 3 Juni 2016.

Hukumu yangu basi. Bingwa bora kuliko wote, kwa maana ya kukalia kiti na kukilinda, ni Joe Louis, na nimemwomba mzee radhi kwa kufunga mjadala bila kumtaja. Lakini bondia mkubwa kuliko wote bado ni Ali. Sababu yangu ya kwanza ni ya ulingoni: aliwapiga Liston, Frazier na Foreman, na watatu hao hakuna mwingine aliyewapata na kuwashinda wote. Sababu ya pili ni kwamba miaka yake bora aliitoa kwa hiari yake mwenyewe. Louis alipewa deni ambalo hakulitaka, Johnson alifukuzwa. Ali aliambiwa mapema bei ya kukataa, akaijua, akakataa.

Nilimpelekea mzee hukumu hii barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimelitazama pambano la Louis na Billy Conn la 1941. Nikasema nimelitazama, raundi zote 13, na Conn alikuwa anaongoza. Akatikisa kichwa, akasema sawa, sasa tunaweza kubishana. Ila yeye habadilishi.

Haya wadau, na nyie mnasemaje? Mkija na jina, njooni pia na kanda alizopigwa.

Naomba kuwasilisha.