Tathmini ya athari: neno na hesabu yake

"Tathmini ya athari za mabadiliko ya tabianchi" ni istilahi tunayokutana nayo kila siku kwenye ripoti, semina na taarifa za redio. Ni kazi ya kupima, sekta kwa sekta, yale ambayo kubadilika kwa joto, mvua na bahari kumewaletea watu au kutawaletea. Duniani kazi hiyo inaongozwa na Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa 1988. Kundi lake la pili la wataalamu ndilo lenye dhamana ya athari, na lilitoa ripoti kubwa 2022.

Tuanze na tabianchi. Huo ni mwenendo wa hewa wa mahali kwa miaka mingi, kwa desturi 30 au zaidi. Masika ya mwaka mmoja yakikosa mvua, hiyo ni hali ya hewa tu. Yakizoea kukosa hadi mkulima wa Makunduchi, Zanzibar, asiiamini tena hesabu ya miongo ya siku kumi kumi aliyoirithi, hapo tumeingia kwenye tabianchi.

Athari ni matokeo, mema kwa mabaya. Baadhi ya waandishi huweka "madhara" mahali pake, lakini neno hilo hutoa hukumu kabla ya kipimo.

Tathmini nayo ni ndugu ya thamani. Anayetathmini anakipa kitu uzito wake, na uzito huo hauonekani upesi katika kila sekta. Hoteli ina risiti za ukuta uliobomolewa na mawimbi. Mwenye shamba la mwani hana.

Huko Zanzibar kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Aina ya kotonii ina bei nzuri, ila haivumilii maji ya moto: hugeuka nyeupe, hulainika na kukatika kambani. Aina nyingine, spinosamu, inastahimili zaidi, lakini bei yake ni ya chini. Ripoti ya sekta itaandika tani zilizopungua, na itakuwa imesema kweli. Lakini mama aliyezoea kuingia shambani wakati wa bamvua, maji yakishatoka, sasa anashauriwa apande kwenye kina. Huko anahitaji chombo, na anahitaji kujua kuogelea. Joto la bahari limeshafika kwenye ada ya skuli na kwenye usalama wa mtu, ambavyo safu ya tani haina pa kuviandika.

Kisima cha pwani kikiingia chumvi, mambo huzidi kutatanika. Ni suala la maji, la afya, la kilimo, na pia la utalii, kwa sababu hoteli zinazovuta maji mengi ardhini huikaribisha bahari sawa na kina chake kinachopanda. Kila idara ikitathmini peke yake, kisima hicho kitahesabiwa mara nne au kisihesabiwe kabisa.

Kuna pia swali la chanzo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar lililojengwa 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mawe ya matumbawe na chokaa ya Mji Mkongwe havipendi unyevu, lakini jumba lile lilikuwa na uchakavu wa miaka mingi na lilikuwa katikati ya ukarabati. Kuutia msiba huo wote kwenye hesabu ya tabianchi ni kuwapunguzia lawama waliopaswa kulitunza.

Kwa hiyo tuyagawe maneno. Kuangalia na kuorodhesha ni uchunguzi. Kubashiri kwa tarakimu yatakayokuja ni makadirio. Madhara tuyaache kwa yale yaliyokwisha kuthibitika kuwa mabaya. Tathmini ibaki kwa kazi inayosema nani ameathirika, kwa kiasi gani, kwa sababu ipi, na athari hiyo ina uzito gani kwake. Ripoti inayohesabu nyufa na tani peke yake haijafika hapo, hata jalada lake likiandikwa hivyo.