Ziwa la Ujira: Habari za Walezi wa Ufaransa

Wasikilizaji wetu, jambo tutakalolieleza leo ni la kale, walakini maneno yake hayajapata kwisha. Je, mtoto mchanga haki yake ni kulelewa na mama mzazi mwenyewe, au yafaa kutiwa mikononi mwa mtu mwingine? Kila mtu ana rai yake, na wengi huitoa kana kwamba ilikuwapo tangu dunia kuumbwa. Sisi twaona ni bora kwanza kuitazama nchi moja iliyolijaribu jambo hili kwa kipimo kikubwa, nayo ni Ufaransa, ili tujue lilianzaje, na gharama yake ililipwa na nani.

Katika mwaka wa 1780 Bwana Lenoir, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji wa Paris, alichapisha maelezo juu ya taratibu za mji wake. Alisema kwamba watoto wapatao 21,000 walizaliwa Paris kila mwaka. Katika hao, walionyonyeshwa na mama zao hawakuzidi 1,000 hivi, na wengine kama 1,000 walinyonyeshwa na wanawake wa kuajiriwa waliokaa katika nyumba za wazazi. Waliosalia wote walitolewa mjini wakapelekwa kulelewa kwa ujira, wengine viungani karibu na mji, na wengi mashamba ya mbali, mwendo wa siku kadha wa kadha. Hesabu hii ni ya kukadiria, wala tusiitegemee kama hesabu ya karani wa forodha; lakini wataalamu wa tarikhi waliozichungua daftari za zamani wameona kwamba desturi yenyewe ilikuwa imeenea kweli kweli.

Kazi hii ilikuwa na mpango wake. Tangu karne ya 14 walikuwapo Paris madalali wa kike waliopewa ruhusa na mfalme kuwatafutia watu watumishi na walezi, na mwaka wa 1769 serikali ilizikusanya ofisi zao zikawa ofisi moja kubwa. Chini ya ofisi hiyo walikuwapo wachukuzi waliozunguka vijijini kukusanya wanawake wenye maziwa. Waliwaleta mjini kwa magari ya farasi, na baada ya siku chache wakawarudisha makwao, kila mmoja na kichanga cha mtu mwingine mapajani. Mchukuzi huyo huyo ndiye aliyepeleka fedha za mwezi, na ndiye aliyerudi na habari: mtoto ameota meno, mtoto ana homa, mtoto amekufa. Mzazi aliweza kukaa mwaka mzima, au miwili, asimwone mwanawe. Baba asiyelipa ujira wa mlezi aliweza kutiwa gerezani, na watu wenye huruma walichanga fedha kuwakomboa baba kama hao. Na watoto? Wengi hawakurudi. Waliokuwa na hali mbaya kupita wote ni wale waliotupwa na kuokotwa na nyumba ya Enfants-Trouvés, ambayo asili yake ni kazi ya Padre Vincent de Paul katika mwaka wa 1638. Hao nao walipelekwa mashamba kwa walezi wa ujira mdogo kabisa, na katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 zaidi ya nusu yao walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Msikilizaji atadhani kwamba mama wa Paris walikuwa matajiri wapenda anasa, waliochelea kuharibu uzuri wao. Walikuwapo wa namna hiyo. Lakini matajiri peke yao hawawezi kuzaa watoto 19,000 kwa mwaka! Walio wengi walikuwa wake za mafundi na wenye maduka madogo. Tutazame Lyon, mji wa wafumaji wa hariri. Huko mke alifanya kazi bega kwa bega na mumewe penye kitanda cha mfumi. Akiacha kazi ili anyonyeshe, nyumba nzima ilikosa mkate. Ujira wa mlezi wa shamba ulikuwa mdogo kuliko hasara ya kuusimamisha mkono wa mama, na mahesabu yao yaliishia hapo. Wala hapakuwa na njia ya tatu, maana maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa, yakitiwa katika chombo kichafu, yaliwaua vichanga upesi, na elimu ya Pasteur juu ya vijidudu haikupatikana ila katika karne ya 19.

Iko sababu nyingine, nayo wasikilizaji wa pwani wataitambua mara moja. Waganga wa Ulaya, tangu zama za Galen, walifundisha kwamba mume akimkaribia mke anyonyeshaye, maziwa huharibika na mtoto hudhurika. Kwetu jambo hili lina jina lake, kubemenda, na mbele ya wazee hatuna haja ya kulifafanua zaidi. Tazameni basi jinsi itikadi moja ilivyozaa desturi mbili. Katika nchi nyingi za Afrika baba aliambiwa angoje mpaka mtoto aachishwe ziwa. Kule Ufaransa mtoto ndiye aliyeambiwa aondoke.

Hatusemi kwamba kumpa mtoto mlezi ni aibu. Mtume Muhammad mwenyewe alinyonyeshwa na Halima wa kabila la Banu Saad, kwa desturi ya watu wa Makka ya kuwapeleka watoto wao jangwani. Korani yataja miaka miwili kamili kwa mama apendaye kutimiza kunyonyesha, kisha yaruhusu kutafuta mnyonyeshaji mwingine, mradi alipwe kwa wema. Lakini sheria ya Kiislamu haikuliacha jambo hili likawa biashara tupu. Mwanamke aliyemnyonyesha mtoto amekuwa mama yake, na wanawe wamekuwa ndugu zake wa ziwa, hawezi kuwaoa. Katika daftari za Paris mlezi alikuwa jina, kijiji na kiasi cha fedha, na siku mtoto aliporudishwa mjini habari yake iliishia hapo.

Sasa tumtaje Jean-Jacques Rousseau. Kitabu chake kiitwacho Émile kilitoka mwaka wa 1762, kikachomwa moto kwa amri ya wakuu katika Paris na Geneva kwa ajili ya maneno yake juu ya dini. Lakini mabibi wa Ufaransa walikishika kwa ajili ya jambo jingine: Rousseau alisema kwamba mama wakikubali kuwanyonyesha watoto wao wenyewe, tabia za nchi nzima zitatengenea. Mara ikawa fahari kwa mabibi wakubwa kuonekana wakinyonyesha. Na mwenye kuyasema hayo alikuwa nani? Mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa mwaka wa 1712, akalelewa na shangazi yake. Yeye naye, alipozaa watoto watano na Thérèse Levasseur, aliwapeleka wote Enfants-Trouvés. Voltaire aliifichua siri hiyo mwaka wa 1764 katika karatasi isiyokuwa na jina la mwandishi, na Rousseau mwenyewe akaikiri katika kitabu cha maisha yake.

Neno la kweli halibatiliki kwa kuwa msemaji wake hakulitenda, kwa hiyo hatumkatai Rousseau kwa sababu hiyo peke yake. Kosa tunaloliona sisi ni jingine. Alisema na mama kana kwamba wote walikuwa na chakula ndani ya nyumba. Wala hakuuliza ni nani atakayekaa penye kitanda cha mfumi mama anaponyonyesha. Aliyeuliza swali hilo alikuwa mtunga michezo, Beaumarchais. Mchezo wake wa Figaro ulipomletea fedha nyingi katika mwaka wa 1784, alitaka fedha hizo ziwasaidie mama maskini wanaokubali kunyonyesha wenyewe, na mwaka uliofuata chama cha kazi hiyo kikaanzishwa Lyon. Fedha kidogo kila mwezi, basi. Twadhani mtunga michezo huyu alilifahamu jambo kuliko mwanafalsafa.

Karne ya 19 ilipofika, reli ikaongeza mambo. Katika nchi ya milima iitwayo Morvan, ambako ardhi ni ya taabu, wanawake waliokwisha kuzaa walipanda gari wakaenda Paris kukaa katika nyumba za matajiri. Walilishwa vizuri, wakavishwa mavazi yenye utepe mrefu, wakapeleka fedha kwao. Mpaka leo ziko katika Morvan nyumba za mawe ambazo watu huziita nyumba za maziwa, kwa kuwa zilijengwa kwa ujira huo. Ni nyumba nzuri. Lakini yule mwanamke alipopanda gari alimwacha nyuma mtoto wake mwenyewe, pengine wa miezi miwili au mitatu, mikononi mwa bibi yake au jirani, akilishwa uji na maziwa ya ng'ombe. Daktari Brochard katika mwaka wa 1866, na Daktari Monot, aliyekuwa mganga huko huko Morvan, katika mwaka wa 1867, waliandika vitabu juu ya vifo vya watoto hawa, na Wafaransa wakashtuka. Kwa muda wa miaka mia watu walikuwa wakibishana kama mama wa mjini afaa amlee mwanawe, na karibu hapakuwa na mtu aliyeuliza habari za mtoto wa mlezi.

Aliyeyatia maneno hayo katika sheria ni Théophile Roussel, daktari aliyeingia katika baraza la nchi. Sheria yake ilipita tarehe 23 Desemba 1874. Iliamuru kwamba kila mtoto aliye chini ya miaka miwili, akitolewa nyumbani kwa wazazi na kulelewa kwa ujira, awe chini ya ulinzi wa serikali na atazamwe na daktari. Tena mwanamke hakuruhusiwa kwenda kunyonyesha nyumba ya watu mpaka mtoto wake mwenyewe awe na miezi saba, au awe na mwanamke mwingine wa kumnyonyesha. Sheria ilitekelezwa polepole, kwa maana fedha zilikuwa haba na njaa ni mjanja. Hata hivyo, ilikuwa imeyatambua mambo ya watoto wawili, si wa mmoja. Nasi tulio Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi zina yaya aliyemwacha mwanawe kwa bibi yake bara, twaweza kukisoma kifungu hicho cha miezi saba bila kwenda Ufaransa.

Vita vya 1914 na maziwa yaliyosafishwa kwa moto viliimaliza kazi ya walezi wa ziwa, lakini mabishano yalihamia Uingereza. Katika vita vya pili serikali ya huko ilifungua nyumba nyingi za kutunzia watoto ili mama wafanye kazi viwandani. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 nyumba hizo zikaanza kufungwa. Katika mwaka wa 1951 daktari John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya la Dunia taarifa juu ya watoto waliotengwa na jamaa zao. Alisema kwamba mtoto mdogo ahitaji mapenzi ya daima, yasiyokatika, ya mama, au ya mtu asimamaye mahali pa mama siku zote. Watu wengi waliisikia nusu ya kwanza wakaiacha ya pili, na mama waliokwenda kazini wakalaumiwa kwa maneno ambayo asili yake ilikuwa watoto waliokosa mama kabisa, katika nyumba za yatima na hospitali. Faida ya taarifa ile haikuwa ndogo: tangu mwaka wa 1959 serikali ya Uingereza ilishauriwa kuwaruhusu wazazi kuwatazama watoto wao hospitalini wakati wowote, jambo ambalo zamani lilikatazwa. Bowlby mwenyewe alilelewa na yaya, na yaya huyo aliondoka alipokuwa na miaka minne hivi. Aliandika baadaye kwamba mtoto kuondokewa na yaya aliyemlea ni msiba unaokaribia ule wa kufiwa na mama.

Na mmoja wa wenzake alikuja Uganda. Bibi Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka wa 1954, akazuru nyumba 26 za Waganda zenye watoto wachanga 28, mara kwa mara, miezi mingi, akikaa barazani na kuuliza. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1967. Aliona mtoto akitambaa mbali na mama yake, akichunguza vitu, kisha akigeuka kumtazama kama bado yupo. Aliona kwamba muda ambao mama alitumia na mtoto ulikuwa na maana. Lakini kuwa na walezi wengi nyumbani, bibi, shangazi, dada mkubwa, hakukumwondolea mtoto utulivu wake. Na alama moja iliyomshangaza ni hii: watoto wenye utulivu walikuwa hasa wa mama walioweza kumweleza mtoto wao jambo kwa jambo, nini humchekesha, hulala vipi, humlilia nani.

Wengine walikwenda mbali zaidi, kwa Waefe wa msitu wa Ituri katika Kongo, katika miaka ya 1980. Huko mtoto wa miezi minne alikuwa mikononi mwa watu wengine zaidi ya nusu ya mchana, akapewa ziwa na mwanamke yeyote aliyekuwa karibu akilia, naye mama yake alikuwa papo hapo kambini, akifanya kazi. Usiku ulipoingia alirudishwa kwake, akalala naye.