Historia ya Kutafuta Mwanzo: Kutoka Falaj ya Nizwa hadi Mashimo Meusi

Huko Birkat al-Mouz, katika wilaya ya Nizwa, maji ya Falaj Al-Khatmeen, mfereji wa jadi wa Oman, hupita chini ya ardhi, yakaibuka, kisha yakagawanyika katika mifereji mitatu iliyo sawa. Simama pale penye mgawanyiko utazame. Mmoja hauwezi kupata zaidi bila mwingine kupungukiwa, na jumla ya yote mitatu ni yaleyale maji yaliyoletwa na mfereji mkuu.

Falaj hii ni miongoni mwa tano za Oman zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, pamoja na Falaj Daris ya Nizwa na Falaj Al-Jeela ya upande wa Sur. Kwa desturi ya falaj, zamu za maji hupimwa kwa athar, yaani kama nusu saa. Mchana wazee walifuata kivuli cha mti uliosimikwa ardhini. Usiku walifuata nyota. Zamu ya leo huanzia ilipokoma ya jana. Hakuna anayeamka akaanza hesabu atakapo.

Wanafizikia nao walihangaika miongo mingi na jambo la namna hiyo: ukitaka kompyuta ikuonyeshe mashimo meusi mawili yakigongana, uanzie wapi?

Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla mwaka 1915. Milinganyo yake ni 10. Sita hueleza jinsi umbo la nafasi linavyobadilika wakati ukisonga. Minne iliyobaki ni masharti: kila dakika, hata ile ya kwanza, umbo la nafasi na mwendo wake sharti viafikiane, kama maji yanayoingia na yanayotoka pale Birkat al-Mouz. Huwezi kuyaweka mashimo mawili popote upendapo, ukayaambia yaende. Mwanzo ukivunja masharti, kinachofuata si mgongano wa mashimo meusi, hata kompyuta ikikesha mwaka mzima.

Mwaka 1944 Mfaransa André Lichnerowicz alionyesha njia. Alichagua umbo la nafasi kwanza, kisha akaiacha milinganyo iamue livutwe kiasi gani kila mahali, kama fundi anayechagua mshono wa kanzu na kuuachia mwili upange vipimo. Mwaka 1952 Yvonne Choquet-Bruhat akathibitisha jambo kubwa zaidi: ukiwa na mwanzo uliotimiza masharti, milinganyo ya Einstein kweli hukupeleka mbele. Mama huyu, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 101.

Charles Misner aliandika mwanzo wa mashimo mawili yaliyotulia mwaka 1960. Mwaka 1964 Susan Hahn na Richard Lindquist wakautia mwanzo wa aina hiyo katika kompyuta ya IBM 7090. Baada ya hatua 50 hivi makosa yalikuwa yamekua, wakasimama. Mwaka 1980 Jeffrey Bowen na James York wakatoa njia ya kulipatia kila shimo mwendo na mzunguko wake, na mwaka 1997 Steven Brandt na Bernd Brügmann wakairahisishia kompyuta. Hatimaye, mwaka 2005, Frans Pretorius akafanikiwa kuyafuata mashimo mawili yakizungukana hadi kuungana. Muda mfupi baadaye vikundi viwili vya Marekani vikafanikiwa kwa njia nyingine.

Hata hivyo kasoro moja ilibaki. Mashimo ya kweli yamezungukana kwa muda mrefu mno, na tayari yamezingirwa na mawimbi ya uvutano yaliyoyatoa huko nyuma. Mwanzo wa Bowen na York hauna historia hiyo. Kwa hiyo hesabu ikianza tu, hutema mawimbi ya uongo ambayo watafiti huyaita takataka. Huyasubiri yapite, ndipo waamini kinachofuata. Mwanzo waliouandika ulitimiza masharti yote minne, lakini ulikuwa umesahau jana yake.

Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO ya kupima mawimbi ya uvutano, nchini Marekani, ilinasa mtikisiko wa mashimo mawili, moja zito kama majua 36 hivi na jingine 29, yaliyoungana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3. Hesabu za kompyuta za mashimo yanayoungana ndizo zilizosaidia kuusoma mtikisiko huo.

Natamani mwalimu wa Nizwa, Ibra au Sur, kabla hajaandika mlinganyo ubaoni, awapeleke wanafunzi wake kwenye falaj iliyo karibu. Awaulize: tukiuongezea maji mfereji huu, ule utabaki na kiasi gani? Kisha awaulize la pili: na maji haya, zamu yake ilianzia wapi jana?