Jembe Letu Limetoka Wapi?

Leo hatusemi habari za mbegu wala mbolea. Tuliangalie jembe lenyewe: limetoka wapi, na limetengenezwaje? Anayeyajua hayo hadanganyiki kirahisi dukani.

Wazee wetu hawakungojea meli. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, chuma kiliyeyushwa kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wachunguzi Peter Schmidt na Donald Avery waliitangazia dunia habari hizo mwaka 1978, baada ya wazee wa Kihaya kujenga tanuri na kuwaonyesha kazi. Wafipa nao walijenga matanuri marefu kuliko mtu, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Upareni, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na Wachaga walipata chuma huko. Mahali pengi jembe lilikuwa mali hasa: liliuzwa, liliwekwa akiba, lilitolewa mahari.

Kazi ilikwenda hivi. Mawe yenye chuma yalipangwa tanurini pamoja na makaa. Moto ulipokolea, takataka za mawe ziliyeyuka zikatiririka, likabaki bonge la chuma. Huko ndiko kuyeyusha. Bonge likatiwa moto tena, likapigwa nyundo juu ya fuawe lingali jekundu. Huko ni kufua. Kusubu ni kazi nyingine: chuma kilicholainika kama uji humiminwa ndani ya kalibu. Chuma cha kusubu ni kigumu, lakini ukikipiga huvunjika, kwa hiyo hakifai jembe.

Je, pua ni nini? Ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Pua ikiwa nyekundu kwa moto, kisha ikachovywa majini, huwa ngumu sana. Ikipashwa moto kidogo tena, hupunguza ugumu na kupata ustahimilivu. Jembe zuri linataka vyote viwili.

Sasa, kwa nini matanuri yalizimika? Wakati wa ukoloni yaliletwa majembe ya viwanda vya Ulaya, kama yale ya Chillington ya Uingereza yenye alama ya mamba. Kuyeyusha kulitaka makaa mengi na siku nyingi. Jembe la dukani lilipatikana kwa bei nafuu. Wahunzi wakabaki kufua vyuma chakavu.

Baada ya Uhuru tulijaribu kujitegemea. Kwa msaada wa China kilijengwa kiwanda cha zana za kilimo, UFI, pale Ubungo, mahali palipokuwa kwa miaka mingi sehemu ya Wilaya ya Kinondoni. Miaka ya 1970 majembe yake yalisambaa vijijini. Mbeya nako kikajengwa kiwanda cha Zana za Kilimo. Lakini milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, majembe ya nje yalimiminika tena, na kiwanda cha Ubungo kikadhoofika. Kazi ya kufua haikufa: hata leo mafundi wa Dar es Salaam huokota springi za magari, ambazo ni pua nzuri, wakafua mapanga na majembe.

Ndugu mkulima, kuna jambo moja la kushika. Mpini ukikatikia tunduni, wengi wetu hulitumbukiza jembe motoni ili kipande kiungue. Tuache! Jembe likiwa jekundu kisha likapoa polepole, ule ugumu aliotia mfuaji huondoka wote. Makali hujikunja, na msimu ujao unanunua jingine. Toa kipande kwa patasi na nyundo. Na ukinoa kwa mashine, lichovye majini mara kwa mara; chuma kikigeuka rangi ya buluu, ujue kimeshaharibika.

Jembe ni moto na nyundo ya mtu mwingine. Tulitunze.