Kitanzi cha Shinya

Kabla ya 1969, ukipatikana na kinyama ndani kabisa ya utumbo mpana, daktari alikuwa na njia moja: kukulaza mezani akupasue tumbo. Kinyama chenyewe, wanakiita polipu, saa zingine ni kidogo kama njegere. Lakini kikiachwa miaka, kinaweza kugeuka saratani.

Mwaka huo, katika hospitali ya Beth Israel jijini New York, Hiromi Shinya, kijana mpasuaji kutoka Japani, alipitisha kitanzi cha waya ndani ya kamera ndefu inayopinda, akakinasa kinyama shingoni, akawasha umeme. Kikakatika. Tumbo halikuguswa. Alifanya kazi na William Wolff, mpasuaji pia, na 1973 wakachapisha matokeo yao. Cheti cha kolonoskopia hakikuwepo, wala mtu wa kukitoa. (Mimi niliyeacha chuo hapa huwa nacheka kidogo.)

Sasa ngoja. Kifaa hicho taratibu kikahamia kwa mabingwa wa mfumo wa chakula, ambao hawapasui mtu. Ni sawa, kazi haikuhitaji kisu tena. Shida ni kwamba wagonjwa walihama nacho, na mwanagenzi hujifunza kwa wagonjwa. Kona za utumbo hazisomwi kitabuni. Ni mkono unaojua wakati wa kusukuma, kuzungusha au kurudi nyuma, na ukisukuma vibaya, unatoboa.

Marekani, bodi ya upasuaji iliamua mwanagenzi afanye kolonoskopia 50 kabla ya kumaliza. Kundi la 2018 likaongezewa mtihani wa FES, vitendo vikifanywa kwenye mashine ya kuigiza. Uingereza, kwa miaka mingi, cheti cha awali tu kilidai 200. Utumbo ni uleule, bana.

Kuna wanaosema basi mabingwa waachiwe kazi yote. Mimi naona hao wanaishi mjini. Kwenye miji midogo ya mashambani Marekani, mara nyingi anayeshika kamera ni mpasuaji wa kawaida, kwa sababu bingwa yuko mbali. Huyo mpasuaji alijifunzia hospitali kubwa, ambako chumba cha kamera kilikuwa na foleni ya wanagenzi wa bingwa, na kila zamu yake ilipokaribia, simu ya thieta ikalia.